Dobi aliyenyimwa leseni San Francisco

Wiki mbili zilizopita mhariri alinituma kwenye ofisi za manispaa moja hapa jijini kufuatilia habari ya makusanyo ya ushuru. Habari yenyewe haikupatikana. Ofisa wa kunipa takwimu alikuwa "kwenye kikao", kile kikao ambacho sote tunakijua, ambacho hakiishi. Nikabaki nimekaa kwenye benchi nje ya dirisha la leseni, na pembeni yangu akakaa mama mmoja wa makamo, ana bahasha ya kaki mapajani.

Tukazungumza. Alikuwa ameomba leseni ya duka la vifaa vya ujenzi. Bwana afya alishapita, kodi ya pango alishalipa, majirani hawana neno. Akafungua bahasha akanipa barua nisome. Mistari miwili: ombi lako limepokelewa, halikukubaliwa. Basi.

"Wewe mwanangu umesoma," akaniambia. "Hebu nionyeshe, kosa langu wameliandika wapi?"

Niliigeuza ile barua mbele na nyuma kama mjinga. Kosa halikuandikwa popote.

Sikuwa na jibu la maana kwa yule mama, ila nikiwa kwenye daladala kurudi chumba cha habari nikakumbuka kesi moja tuliyosomeshwa chuo kikuu mwaka wa pili. Mwalimu aliipitia kwa dakika kumi, akasema ni ya zamani na ni ya Marekani, haitatoka kwenye mtihani. Haikutoka kweli, na mimi nikaisahau. Jioni ile nikaifukua, na tangu hapo imenikaa kichwani. Wadau, leo mnivumilie kidogo, maana ni hadithi ndefu.

Kesi inaitwa Yick Wo dhidi ya Hopkins, na inamhusu dobi wa Kichina.

Twende San Francisco. Dhahabu iligunduliwa California mwaka 1848, na mwaka uliofuata watu wakaanza kumiminika huko kwa meli kutoka kila upande wa dunia. Wengi walikuwa wanaume, vijana, wachache sana wakiwa na wake zao. Kuchimba walitaka, kunywa walitaka, kucheza kamari usiseme. Kufua nguo hawakutaka. Bei ya kufuliwa mashati ikapaa, hadi inasimuliwa kwamba wapo waliopakia nguo chafu melini kwenda Hawaii na kusubiri miezi mpaka zirudi. Wachina wakaliona pengo. Kazi ya dobi haikudai mtaji mkubwa wala Kiingereza kingi. Ilidai beseni, sabuni, pasi, na mgongo usiochoka haraka. (Neno letu "dobi" nalo limetujia kwa njia ya bahari, kutoka India. Inaelekea wenyeji wa miji ya bandari hawapendi kufua.)

Mambo yalikuwa shwari kiasi mpaka uchumi ulipoyumba. Reli ya kuvuka bara ilikamilika 1869, maelfu ya Wachina walioijenga wakarudi mijini kutafuta vibarua, na baada ya mdororo wa 1873 kila Mzungu asiye na kazi California alishajua wa kumlaumu. Mwaka 1877 akajitokeza Denis Kearney, naye ni mhamiaji kutoka Ireland, akihutubia umati kwenye viwanja vya mchanga na kumaliza hotuba zake kwa kudai Wachina waondoke. Julai ya mwaka huohuo kulizuka ghasia za siku tatu, na makundi ya watu yakavunja na kuchoma maduka ya dobi ya Wachina. Naomba hilo la kuchoma mlishike, maana baadaye kidogo tutasikia habari ya moto kutoka mdomo mwingine.

Jiji nalo halikukaa kimya, ila lenyewe lilitumia kalamu. Katika miaka ya 1870 lilipanga ada ya leseni za udobi hivi: anayesambaza nguo kwa gari la farasi mmoja alipe dola 2 kwa robo mwaka, asiye na farasi kabisa alipe dola 15. Ukiisoma haraka unaweza kudhani ni makosa ya uchapaji, kwani mwenye farasi ndiye mwenye uwezo. Lakini Wachina walisambaza nguo kwa miguu, mzega begani, kikapu mbele na kikapu nyuma. Hakuna mahali palipoandikwa "Mchina". Mahakama iliitupa ada hiyo. Likaja sharti jingine, kwamba anayetaka leseni ya dobi apate kwanza mapendekezo ya wananchi walipa kodi 12 wa mtaa wake. Nani angemsainia Mchina San Francisco ya wakati ule? Mwaka 1882 jaji wa shirikisho akalitupa hilo nalo.

Sasa tunafika kwenye sheria ndogo yenyewe, ya Mei 26, 1880. Ilisema ni kosa kwa mtu yeyote kuendesha duka la dobi ndani ya mipaka ya jiji bila kwanza kupata idhini ya baraza la madiwani, isipokuwa kama duka liko kwenye jengo la matofali au mawe. Adhabu ilikuwa faini isiyozidi dola 1,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Tuwatendee haki madiwani. San Francisco ulikuwa mji wa mbao. Rekodi ya kesi inasema sehemu 9 kati ya 10 za nyumba zake zilikuwa za mbao, na duka la dobi lina jiko linalowaka kutwa kwa ajili ya pasi na maji ya moto. Mji ulishaungua mara kadhaa miaka ya mwanzo ya dhahabu, na mwaka 1906, baada ya tetemeko, ukaungua siku tatu mfululizo. Hofu ya moto ilikuwa ya kweli, na hata mimi ningekuwa diwani ningeweza kuipigia kura sheria ile.

Tatizo ni neno moja, idhini. Sheria haikusema idhini itolewe kwa nani, kwa vigezo gani, wala kwamba anayenyimwa aelezwe sababu. Haikusema jiko liwe umbali gani na ukuta, wala ndoo za maji ziwe ngapi. Ilisema tu idhini ya baraza. Diwani angeweza kukukatalia kwa sababu ya moto, au kwa sababu hakulala vizuri, na barua ingekuwa ileile.

Sasa mtu wetu. Kwenye karatasi za mahakama anaitwa Yick Wo. Wanahistoria wanasema hilo halikuwa jina lake, lilikuwa jina la duka. Mwenyewe aliitwa Lee Yick, na maofisa waliona jina la duka wakadhani ndiye yeye. Alifika California mwaka 1861, na kwa miaka 22 alikuwa dobi kwenye jengo lilelile la mbao. Machi 3, 1884 wakaguzi wa moto wa jiji walimkagua na kumpa cheti kwamba majiko yake na vyombo vya kukaushia viko salama. Bwana afya naye alitoa cheti chake kwamba maji machafu yanatoka vizuri. Juni 1, 1885 akaomba idhini ya baraza. Julai 1 akajibiwa hapana.

Angalia hapo. Watu ambao kazi yao ni moto walishasema hakuna hatari ya moto, na watu ambao kazi yao ni afya walishasema hakuna tatizo la afya. Leseni yake ya zamani ilikuwa haijaisha hata, ilikuwa inaisha Oktoba 1. Akaendelea kufua nguo. Akakamatwa, akatozwa faini ya dola 10 au kulala ndani siku 10, siku moja kwa kila dola. Hakulipa.

Hapa ndipo mimi nilipoanza kuipenda hii kesi. Dola 10 angeweza kuzipata, kwani hakuwa peke yake. Madobi wa Kichina walikuwa na chama chao, Tung Hing Tong, kilichokusanya michango kwa wanachama na kuajiri mawakili. Na walikuwa wameligundua tatizo ambalo yule mama wa bahasha ya kaki analijua vizuri. Baraza likikataa, unakwenda wapi? Juu ya baraza hapakuwa na ofisi ya rufaa, wala kamati, wala dirisha la pili. Sheria haikuacha mlango.

Mlango wakaupata jela. Mtu akishikiliwa, sheria ya Kiingereza waliyoirithi Wamarekani inamruhusu kuomba aletwe mbele ya jaji, na anayemshikilia aeleze anamshikilia kwa mamlaka gani. Aliyeshika funguo alikuwa Peter Hopkins, mkuu wa polisi wa kaunti, ndiyo maana jina lake limo kwenye kesi ingawa yeye hakumnyima mtu leseni. Hopkins akiulizwa "kwa nini unamfunga huyu?" atajibu "kwa sheria ndogo ya jiji," na hapo jaji hana jinsi ila kuisoma hiyo sheria ndogo. Yaani rufaa ya leseni iliingia mahakamani imevaa nguo za kifungo. Agosti 1885 ombi likapelekwa Mahakama ya Juu ya California.

Wakashindwa. Majaji wa California walisema jiji lina mamlaka ya kulinda usalama wa wakazi wake, na limeyatumia.

Mwenzake, Wo Lee, naye dobi wa miaka mingi, akajaribu njia ya pili, mahakama ya shirikisho mbele ya Jaji Lorenzo Sawyer. Huyu Sawyer ni wa kusimulia. Aliandika waziwazi kwamba matokeo ya sheria ile ni kuwafukuza kazini madobi wadogo, hasa Wachina, na kuiacha biashara mikononi mwa makampuni makubwa yenye mtaji wa Wazungu, na kwamba kila mtu San Francisco analijua hilo. Halafu akamnyima Wo Lee haki yake. Sababu? Mahakama ya jimbo ilishaamua, akaona isiwe yeye wa kuipinga, Washington iamue. Ndugu zangu, tuna watu wa namna hii mpaka kesho: anakubaliana nawe kila neno, kisha anakwambia nenda ofisi nyingine.

Na Washington yenyewe haikuwa ya kutumainiwa sana. Mwanzoni mwa 1885 dobi mwingine wa Kichina, Soon Hing, alifika huko kupinga sheria ya jiji hilohilo iliyokataza kufua nguo kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi. Alidai imetungwa kwa chuki. Mahakama ya Juu ya Marekani ikamjibu kwamba haiwezi kuchungulia mioyo ya madiwani kujua walitunga sheria kwa nia gani. Akashindwa.

Kwa hiyo chama kililazimika kubadili hoja. Kama mioyo haichunguliwi, basi tuhesabu. Waliajiri wakili mkubwa kuliko wote mjini, Hall McAllister (sanamu yake ipo mpaka leo kando ya jengo la jiji la San Francisco, ambalo nadhani angelicheka), na kwenye karatasi za kesi zikaingia namba hizi:

Maduka ya dobi jijini yalikuwa kama 320. Kati yake 240 yalikuwa ya Wachina. Yaliyojengwa kwa mbao yalikuwa kama 310, kwa hiyo karibu kila dobi, wa rangi yoyote, alihitaji idhini. Wachina zaidi ya 200 waliomba. Walionyimwa: wote. Wasio Wachina zaidi ya 80 waliendelea na kazi bila kuguswa kwenye majengo ya mbao yaleyale, na katika maombi yao lililokataliwa ni moja tu. Wachina zaidi ya 150 walikamatwa.

Zaidi ya 200 kwa sifuri. Mimi ni mtu wa magazeti, sijui hesabu nyingi, lakini hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaiona. Unaweza kubishana na dobi mmoja ukasema jiko lake bovu. Huwezi kubishana na 200 ambao wote majiko yao ni mabovu ilhali ya majirani 80 ni mazima. Na uzuri ni kwamba upande wa jiji haukuzikana namba hizo. Ulizikubali. Ulidhani hazina uzito, kwa kuwa sheria kwenye karatasi haikumtaja Mchina.

Hukumu ilitoka Mei 10, 1886, majaji wote kwa kauli moja, ikaandikwa na Jaji Stanley Matthews. Alisema mambo mawili ambayo kwa maoni yangu ndiyo uhai wa kesi yote.

La kwanza ni la nani analindwa. Marekebisho ya 14 ya katiba ya Marekani, ya mwaka 1868, yaliandikwa kwa ajili ya watumwa waliokuwa wameachiwa huru. Yick Wo hakuwa mtumwa wa zamani, hakuwa raia, na hata angetaka asingepewa uraia, kwa sababu sheria za wakati ule ziliwafungulia mlango huo Wazungu na watu wenye asili ya Afrika tu. Alikuwa raia wa mfalme wa China. Matthews akasema maneno ya katiba ni "mtu yeyote", hayasemi raia yeyote. Dobi ni mtu.

La pili ni la karatasi na mkono. Alisema sheria inaweza kuwa na sura safi kabisa, lakini ikitekelezwa kwa jicho baya na mkono unaopendelea, ikawatenga watu walio katika hali moja, basi ni ubaguzi uleule uliokatazwa. Na kuhusu ile idhini isiyo na vigezo, aliona kwamba mtu kushikilia riziki yake kwa hisani ya mtu mwingine tu, apewe akipenda na anyimwe asipopenda, ni utumwa kwa asili yake. Haya aliyaandika miaka 21 tu baada ya Marekani kufuta utumwa wenyewe. Sababu pekee ya kuwanyima Wachina hao, akasema, ni uadui dhidi ya kabila na taifa lao.

Yick Wo na Wo Lee wakaamriwa waachiwe. Zingatia kwamba hukumu haikusema "wapeni idhini". Kesi ilikuwa ya kifungo, na mahakama ilimaliza kifungo. Lakini kama huwezi kumfunga mtu kwa kufua bila idhini, idhini hiyo imebaki na kazi gani?

Nisiwadanganye kwamba mambo yalikuwa mazuri baada ya hapo. Sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia Marekani ilishapitishwa 1882, ikaongezwa makali, na haikufutwa mpaka 1943. Mwaka 1896, miaka 10 baada ya kumtetea dobi, mahakama hiyohiyo ilibariki mabehewa ya treni ya Wazungu peke yao na Weusi peke yao. Kesi ya Yick Wo ilikaa kwenye rafu muda mrefu, ikaanza kutajwa kwa nguvu wakati wa harakati za haki za kiraia katikati ya karne ya 20. Na kuna kichekesho kimoja: siku ileile ya Mei 10, 1886, mahakama ileile ilitoa uamuzi katika kesi ya kampuni ya reli ya Southern Pacific, ambao baadaye ulitumiwa kudai kwamba na makampuni nayo ni "watu" mbele ya Marekebisho ya 14. Kwa miaka mingi iliyofuata makampuni yalifaidi Marekebisho hayo kuliko madobi. San Francisco kuna shule ya msingi inayoitwa Yick Wo. Yaani watoto wanasoma chini ya jina la kibao cha duka.

Kwetu, haki za binadamu ziliingia kwenye katiba mwaka 1984, na watu wakaruhusiwa kuzidai mahakamani kuanzia 1988. Ibara ya 13 ina vifungu viwili ambavyo watu huvisoma kama kimoja. Kimoja kinakataza kutungwa sheria ya kibaguzi. Kingine kinamkataza mtu au mamlaka yoyote inayotumia madaraka ya kisheria kubagua katika utekelezaji. Niliposoma hicho cha pili baada ya kutoka San Francisco nilikisoma polepole zaidi. Kimoja ni cha karatasi, kingine ni cha mkono.

Sisemi yule mama amebaguliwa. Sijui. Inawezekana eneo lake ni la hifadhi ya barabara, inawezekana kuna ramani ambayo hajaonyeshwa. Barua ya mistari miwili haimruhusu yeye wala mimi kujua. Juzi nilimpigia simu, nikamwambia arudi aombe sababu kwa maandishi na akae na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Akasema ameshaandika, amegongewa mhuri, anasubiri. Kisha nikamuuliza pale mtaani kwao walioomba leseni mwaka huu ni wangapi, waliopata ni akina nani na waliokosa ni akina nani. Akacheka, akaniambia nichukue kalamu. Hadi salio linakwisha tulikuwa tumefika jina la 14.